Kwa Nini Skrini Huwa Nyeusi Ukivaa Miwani ya Jua?

Katika makala haya tunaeleza jambo ambalo wengi wamelikuta na wachache wameelezwa. Mtu amevaa miwani ya jua. Anatoa simu mfukoni, anailaza upande ili asome vizuri, na skrini inakuwa nyeusi. Anaisimamisha tena wima, maandishi yanarudi. Baadhi ya watu hudhani betri imechoka, wengine husema kioo kimeanza kufa, na wapo wanaokwenda moja kwa moja kwa fundi na kulipia kioo kipya. Simu haina kasoro, na miwani pia haina kasoro. Vitu viwili vizima vimekutana kwa mwelekeo usiopatana, na sababu yake inaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida mbele ya darasa lolote, bila maabara.

Tumeichagua Bugarama kuwa mahali pa mifano yetu. Msomaji asiyeifahamu ajue kwamba iko kusini magharibi kabisa mwa Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wengi bado wanaliita Cyangugu kwa jina la zamani. Ni bonde la mto Rusizi, na ndiko chini kuliko kwote nchini: mto huo, katika sehemu hiyo, uko kwenye mwinuko wa mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa imezidi mita 1,500. Kwa hiyo kuna joto, na jua ni kali. Kuna mashamba ya mpunga yenye majaruba yaliyojaa maji, kuna chemchemi za maji moto zinazojulikana kwa jina la Amashyuza, na kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanzishwa mwaka 1984. Kongo iko ng'ambo ya mto upande mmoja, Burundi upande mwingine.

Kwa walimu wa Kiswahili Bugarama ina umuhimu wa pili. Ni mojawapo ya sehemu za Rwanda ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya barabarani muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Mwanafunzi wa huko hahitaji kufundishwa namna ya kuuliza bei ya mchele. Anachokikosa mara nyingi ni Kiswahili cha kueleza sababu za mambo: kwa nini kitu kinatokea, kinatokeaje, na kingekuwaje kama hali ingebadilika. Lugha ambayo watu wanaitumia kununulia tu, na kuiacha mlangoni pale mazungumzo yanapohitaji maelezo, inabaki nusu. Ndiyo sababu tunaona si ajabu idara ya Kiswahili kuandika kuhusu miwani.

Maji, jua na mng'ao

Tuanze na mwanga wenyewe. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na mawimbi hayo hutetemeka kwa upande wakati yenyewe yanakwenda mbele. Watoto wawili wanaoshika kamba ndefu wanaweza kuonyesha jambo hili. Mmoja akitikisa mkono juu na chini, wimbi linakwenda kwa mwenzake, na kamba inatetemeka wima. Akitikisa kushoto na kulia, wimbi linakwenda vilevile, lakini mtetemo umelala. Mwanga unaotoka moja kwa moja kwenye jua ni kama maelfu ya kamba zinazotikiswa kwa pamoja na watu wasiosikilizana: mitetemo iko ya kila mwelekeo, hakuna upande unaotawala.

Sasa mwanga huo ukigonga maji ya jaruba, sehemu inazama na sehemu inarudi juu. Ile inayorudi haiko tena vilevile. Maji hurudisha zaidi mtetemo uliolala, yaani ulio sambamba na uso wa maji, kuliko ule uliosimama. Mng'ao unaomsumbua mkulima anapotazama shamba lake kwa hiyo ni mwanga wenye mwelekeo mmoja unaotawala: umelala. Hali kadhalika mng'ao wa lami iliyolowa mvua na wa majani mapana yanayong'aa. Mabati na vyuma vingine vina tabia tofauti, na hatutaviingilia hapa, ila tuseme tu kwamba miwani tunayoielezea haisaidii sana mbele ya bati jipya.

Mskoti David Brewster alionyesha mwaka 1815 kwamba kila kitu cha namna hii kina pembe yake ambayo mng'ao wake wote huwa wa mtetemo uliolala. Kwa maji, pembe hiyo hutokea jua likiwa juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 37 hivi. Bugarama iko karibu sana na ikweta, kusini yake kwa nyuzi zisizofika tatu, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Mwezi Machi na mwezi Septemba, jua linapopita karibu na utosi, linapanda nyuzi 15 kila saa. Linafika nyuzi 37 mnamo saa mbili na nusu asubuhi, na linashuka hadi hapo tena mnamo saa tisa na nusu alasiri. Hizo ndizo saa ambazo miwani ya aina hii inafanya kazi yake vizuri kabisa juu ya majaruba. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, inasaidia kama miwani yoyote nyeusi na si zaidi. Wauzaji hawalisemi hili.

Miwani yenyewe hufanya nini? Tufikirie ua wa fito zilizosimama wima, zimeachana kidogo. Kamba ikipitishwa katikati ya fito, mtetemo wa juu na chini utapita bila shida. Mtetemo wa kushoto na kulia utagonga fito na kufa. Lenzi za miwani hii zina "fito" za namna hiyo, ndogo kupita kiasi, zilizopangwa ili mtetemo uliosimama upite na uliolala uzuiwe. Mng'ao wa maji umelala, basi unazuiwa, na mtu anaona mpaka mizizi ya mpunga ndani ya maji. (Mwalimu wa fizikia atatukosoa kwamba ndani ya lenzi kuna molekuli ndefu zilizonyooshwa, na kwamba molekuli hizo humeza mtetemo ulio sambamba nazo, kinyume cha fito zetu. Ni kweli. Mfano wa fito unaonyesha matokeo, hauonyeshi utendaji wa ndani, na darasani inafaa kusema hivyo.)

Neno lililozaliwa na kosa

Tabia hii ya mwanga ulioakisiwa iligunduliwa mjini Paris mwaka 1808. Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alikuwa akitazama mwanga wa jua la machweo uliokuwa ukirudishwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Aliutazama kupitia fuwele ya kalisaiti, ambayo ilijulikana tangu mwaka 1669 kuwa huonyesha kila kitu mara mbili. Alipoizungusha fuwele, taswira moja ilififia na nyingine ikazidi kung'aa, kisha zikapokezana. Mwanga wa jua la moja kwa moja haukuwa na tabia hiyo. Malus akatambua kwamba kuakisiwa kumeubadilisha.

Ni yeye pia aliyeupa ugunduzi huo jina la Kifaransa ambalo lugha nyingi zimelichukua, na jina hilo linatokana na neno lenye maana ya ncha, kama ncha za sumaku au ncha za dunia. Malus aliamini kwamba mwanga ni chembe, na kwamba chembe hizo zina ncha kama sumaku ndogo, na kwamba uso wa kioo au wa maji unazipanga zielekee upande mmoja. Muda si mrefu, mnamo mwaka 1821, Mfaransa mwenzake Augustin Fresnel alieleza jambo lilelile kwa mawimbi yanayotetemeka kwa upande, na ncha zikaachwa. Jina likabaki.

Tunalisema hili kwa sababu ya kazi yetu. Mtunga istilahi anayetafsiri kwa kufuata kamusi tu atakimbilia kuunda neno kutoka "ncha", na atakuwa ameleta katika Kiswahili kosa ambalo wanasayansi waliliacha karne mbili zilizopita. Mwanafunzi akisikia "ncha" atazitafuta ncha, na hazipo. Sisi tunapendelea kukopa umbo lenyewe, kupolarisha, kwa sababu kwa msikilizaji wa Kiswahili halina picha yoyote ya uongo ndani yake, halafu kulieleza kwa maneno yetu: mwanga uliopolarishwa ni mwanga ambao mtetemo wake umebakizwa katika mwelekeo mmoja. Neno la kukopa lenye maelezo mazuri ni bora kuliko neno la asili lenye maelezo mabaya. Tunajua wapo wenzetu wasiokubali, na mjadala huo ni wa kufaa katika somo la istilahi.

Tukirudi kwenye miwani: kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya Malus, kupolarisha mwanga kulihitaji fuwele za gharama. Mmarekani Edwin Land alipata njia ya kutengeneza utando wa bei nafuu mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid, ambayo miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo ilikuwa miwani ya jua. Utando wa namna hiyo, wa plastiki iliyonyooshwa na kupakwa rangi ya iodini, ndio mpaka leo umo ndani ya lenzi nyingi. Na umo mahali pengine pia, mahali ambapo Land mwenyewe hakupakusudia alipoanza.

Simu nayo imevaa miwani

Skrini za kawaida za simu, kompyuta, televisheni bapa, saa za tarakimu na vikokotoo hutumia kioevu chenye tabia ya fuwele. Kwa kifupi huitwa skrini za LCD. Ndani yake kuna tabaka kadhaa. Nyuma kabisa, katika simu, kompyuta na televisheni, kuna taa nyeupe, ambayo kwa kawaida haizimi skrini ikiwa inafanya kazi. Mbele ya taa kuna utando wa kupolarisha, uleule wa Land, unaobakiza mtetemo wa mwelekeo mmoja. Kisha kuna tabaka jembamba la kioevu. Kisha kuna utando wa pili wa kupolarisha. Katika aina ya zamani na ya bei nafuu, utando wa pili umewekwa kwa njia ya kukingama na ule wa kwanza, kama ua wa fito zilizosimama ukifuatwa na ua wa fito zilizolala.

Kama kioevu kisingekuwapo, nyua mbili zilizokingamana zisingepitisha kitu, na skrini ingekuwa nyeusi daima. Lakini molekuli za kioevu hicho zimepangwa kama ngazi ya kuzunguka, na mwanga unaopita humo hufuata mzunguko: unaingia umesimama, unatoka umelala, na unapita ua wa pili bila kizuizi. Nukta inaonekana nyeupe. Umeme ukiingizwa katika nukta hiyo, molekuli hunyooka, ngazi inapotea, mwanga haugeuzwi tena, na ua wa pili unauzuia. Nukta inakuwa nyeusi. Martin Schadt na Wolfgang Helfrich ndio walioonyesha mpangilio huu mwaka 1970 huko Uswisi, na karibu kila saa ya tarakimu tuliyoivaa tangu wakati huo inatokana na kazi hiyo.

Msomaji ameshaona tulikofika. Mwanga unaotoka kwenye skrini ya LCD si kama mwanga wa jua au wa kibatari. Umepita utando wa kupolarisha kabla haujatufikia, kwa hiyo una mwelekeo mmoja. Simu nayo imevaa miwani. Mtu akivaa yake, anaongeza ua wa tatu mbele ya nyua mbili. Fito za ua wa tatu zikiwa sambamba na za ule wa pili, anaona kama kawaida, ila na giza kidogo la lenzi. Zikikingamana, haoni kitu.

Kati ya hali hizo mbili kuna hatua, na Malus alizipimia kanuni. Tofauti ya mwelekeo ikiwa nyuzi 45, nusu ya mwanga inapita. Ikiwa nyuzi 60, robo tu inapita. Ikifika nyuzi 90, hakuna. Ndiyo maana giza haliingii ghafla kama taa iliyozimwa, bali linaingia polepole kadiri simu inavyogeuzwa, na kwa mwalimu huu ni ushahidi mzuri: kioo kilichoharibika hakina adabu ya kufifia na kurudi kwa kufuata pembe.

Si skrini zote zenye mwelekeo mmoja. Kompyuta nyingi za bei nafuu hutoa mwanga ulioinama nyuzi 45. Anayezitazama akiwa na miwani hii anaona giza la wastani tu. Akiinamisha kichwa upande mmoja skrini inang'aa, akiinamisha upande wa pili inazima kabisa. Simu nyingine huonekana zikiwa wima na kupotea zikilazwa, nyingine kinyume chake. Kuna watengenezaji waliolishughulikia tatizo hili kwa kuweka juu ya skrini utando wa ziada unaoufanya mtetemo uzunguke kama parafujo badala ya kubaki upande mmoja. Simu hizo hazipotei kwa mwelekeo wowote.

Tuongeze neno kuhusu skrini za OLED, kwa sababu tumesikia ikisemwa kwamba hazina tatizo hili. Ni kweli kwamba kila nukta ya OLED hujitolea mwanga wake na haihitaji nyua mbili ili kufanya kazi. Lakini nyuma ya nukta hizo kuna metali inayong'aa, na bila kinga ingerudisha mwanga wa jua machoni mwa mtumiaji. Basi watengenezaji huweka mbele yake utando wa kupolarisha pamoja na mwenzake wa kuzungusha mtetemo, ili mwanga unaoingia kutoka nje usiweze kutoka tena. Matokeo yake ni kwamba mwanga wa nukta nao hutoka ukiwa umepolarishwa. Simu ya bei kubwa kwa hiyo inaweza kupotea sawa na ya bei ndogo.

Zisizo na tatizo ni televisheni za zamani za kichogo, vifaa vya kusomea vya karatasi ya kielektroniki, na mizani au saa za ukutani zenye tarakimu nyekundu zinazowaka zenyewe. Picha ya projekta ukutani nayo ni salama, kwa sababu ukuta usiong'aa hutawanya mwanga na kuuchanganya upya.

Nani anaathirika

Kwa mtu anayesoma gazeti kwenye simu chini ya mwembe, kupotea kwa skrini ni kero ndogo. Anavua miwani, basi. Lakini tuwafikirie watu wengine wa bonde hili. Mfanyabiashara wa mchele aliyesimama juani anamtumia mwenzake fedha kwa simu, na anatakiwa kuhakikisha jina na tarakimu kabla ya kubonyeza. Skrini iliyobakiza robo ya mwanga wake, ikiongezewa mwako wa mchana, inageuza 3 kuwa 8 kwa urahisi. Mpimaji anayesoma mizani ya LCD kutoka upande anaweza asione kitu wakati mwenye mpunga aliyesimama mbele anaona vizuri, na hapo maneno huanza. Dereva wa lori anayeingia kituo cha mafuta anatazama pampu yenye tarakimu nyeusi juu ya kijivu, na haoni bei.

Mwendesha pikipiki ana shida ya namna yake. Kofia ya usalama ina kioo cha plastiki ngumu, na plastiki iliyokandamizwa wakati wa kutengenezwa huugeuza mtetemo wa mwanga, kila sehemu kwa kiasi chake na kila rangi kwa kiasi chake. Akiwa amevaa miwani hii chini ya kofia na kutazama simu kupitia kioo cha kofia, anaona madoa ya rangi za upinde wa mvua juu ya ramani. Plastiki ya kulinda kioo cha simu hufanya vivyo hivyo. Hayo madoa si ugonjwa wa macho wala si skrini iliyoingia maji.

Marubani ndio walio na mengi ya kupoteza, kwa kuwa vyombo vya kisasa vya ndege vimejaa skrini za namna hii na vioo vya ndege vina mikandamizo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, haipendekezi marubani wavae miwani ya kupolarisha kazini. Kwa wavuvi, kinyume chake, tungewashauri wainunue, maana inawaonyesha kilicho chini ya maji.

Jambo moja huchanganywa sana sokoni, na tunaomba walimu walisahihishe. Kupolarisha ni jambo moja, na kuzuia miale ya urujuanimno, inayodhuru jicho, ni jambo jingine. Miwani inaweza kuwa na sifa moja bila ya pili, na weusi wa lenzi hauthibitishi hata moja kati ya hizo. Sifa ya kuzuia urujuanimno haipimiki kwa macho. Ya kupolarisha inapimika palepale kwa muuzaji: shika miwani mbele ya skrini ya simu au ya kikokotoo na uizungushe robo duara. Skrini ikififia na kurudi, miwani inapolarisha kweli. Isipobadilika, jaribu skrini ya pili kabla ya kumtuhumu mwenye meza, kwa sababu simu zenye utando wa parafujo hazitaonyesha tofauti.

Kutoka soko hadi darasani

Kiswahili chetu cha kila siku kina mtego hapa. Neno "kioo" linabeba maana tatu: kitu kigumu kinachopitisha mwanga, kitu cha kujitazamia, na skrini ya simu. Mteja akisema "kioo kimekufa", fundi anasikia kwamba kioo kibadilishwe. Na vitenzi vyetu navyo si sawa. "Simu imezima" ni tofauti na "skrini imefifia". "Imefifia" ni tofauti na "haionekani". Na "haionekani" ni tofauti na "haionekani nikiilaza". Kishazi kile cha mwisho, neno moja tu lenye -ki- ndani yake, ndicho kinachomfanya fundi mwaminifu acheke na kusema "vua miwani". Mwanafunzi asiyekuwa nacho analipa.

Tumeona basi kwamba jaribio hili linafaa kufundishia sarufi. Kwa mambo ya siku zote, mwalimu adai kiambishi hu-: mwanga hutetemeka, maji huakisi. Kwa jambo linalotegemea lingine, adai -ki-: ukizungusha simu, skrini inafifia. Kwa jambo lisilokuwapo, adai -nge-: kioevu kisingekuwapo, skrini ingekuwa nyeusi. Wanafunzi wafanye kazi wawili wawili, mmoja ameshika simu na amevaa miwani, mwenzake hana miwani na hawezi kuona anachokiona mwenziwe. Mwenye miwani aeleze mpaka mwenzake aweze kuchora. Kwa kuwa mmoja anaona giza na mwingine anaona picha kwenye skrini ileile, maelezo yanakuwa ya lazima, si ya kumridhisha mwalimu.

Darasa lenye kompyuta moja ya LCD linaweza kuendelea zaidi. Fungua ukurasa mweupe. Bandika vipande vya selotepu angavu juu ya kipande cha plastiki laini au kioo, vikipishana tabaka moja, mbili, tatu, kwa kuinama. Kishikwe mbele ya ukurasa mweupe na kitazamwe kupitia miwani: selotepu isiyo na rangi inajaa bluu, manjano na zambarau, na kila tabaka lina rangi yake. Rula ya plastiki angavu inaonyesha michirizi mahali ilipokandamizwa kiwandani, na michirizi inahama mwanafunzi akiikunja kidogo. Hapa msamiati wa rangi, ambao kwa Kiswahili huwatatiza wengi kwa kuchanganya "rangi ya" na vivumishi vya asili, unapata kazi ya kweli.

Shule isiyo na miwani ya kupolarisha itafute kikokotoo kilichokufa. Juu ya dirisha lake la tarakimu pamebandikwa utando wa kupolarisha, nao hubanduka kwa ukucha ukifanywa polepole kuanzia pembeni. Huo unatosha kwa jaribio lote. Na kama kikokotoo bado kinafanya kazi, kuna la ziada: utando ukiisha kubanduliwa, tarakimu zinapotea kabisa ingawa mashine inaendelea kuhesabu. Urudishe juu yake na zinaonekana tena. Urudishe ukiwa umeuzungusha robo duara, na tarakimu zinakuwa nyeupe juu ya weusi.